Gita la Mkono wa Kushoto

Mama yangu alipofariki, nyumba yetu ya Nyamasaria ilinyamaza hadi nikawa nasalimia sufuria. Ndipo nikanunua gita la mtumba. Niseme kweli, sikuupenda muziki kiasi hicho. Niliwapenda wapiga ala wa kanisa letu kule Nyalenda, ambao ibada ikiisha hawaondoki. Wanabaki wakinywa chai, wakitaniana na kubishana juu ya wimbo wa Jumapili ijayo. Mimi nilikuwa nafika nyumbani mchana, nafunga mlango, na hadi Jumatatu sisikii mtu akiniita. Nilitaka kukaa nao.

Penye nia pana njia. Mimi nilikuwa na nia na bando. Mwalimu wangu alikuwa Mzungu wa video za kwenye simu, mwenye subira ya ajabu kwa kuwa hakuwa akiniona. Niliegemeza simu kwenye kopo la sukari, tukatazamana uso kwa uso. Mkono wake ukienda upande huu, wangu nao huohuo. Nyuzi zikakataa: zake nene zilikuwa juu, zangu chini. Nikazilaumu nyuzi. Nikazifungua zote, nikazipanga upya, sauti ikakubali. Nilijisifu jioni nzima, maana wa kunisifu hakuwepo.

Miezi ikapita, vidole vikaota sugu, nikajipeleka kanisani. Kiongozi wa wapiga ala, mama mmoja mcheshi, alinisikiliza wimbo mzima akigonga mguu chini. Kisha akaomba gita ajaribu. Likalia kama bawaba ya mlango mbovu.

"Eh! Bwana, kwani wewe ni racham?" Yaani, mtu wa mkono wa kushoto.

"Hapana, Mama. Naandika kwa mkono wa kulia, nakula kwa huohuo."

"Sasa mbona unashika gita hivi?"

Nikamweleza habari ya simu, na nikiwa bado naongea nikaelewa: nilikuwa nimemwiga mwalimu kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Wakaangua kicheko wote, nami nikacheka. Kilikuwa kitamu, kwa sababu nilikuwa ndani yake.

"Utapiga na sisi, hiyo imeisha," mama yule akasema, akipangusa machozi. "Lakini miezi yote hiyo, hakuna mtu alipita kwako akakuona, akakwambia wewe, unashika vibaya?"

Nikafungua mdomo nimtaje hata jirani mmoja. Wakangoja, na kicheko chao kikaisha kidogo kidogo, kwa sababu sikuwa na wa kumtaja.