Nusu ya Tangazo la Mvua

Tangazo lenyewe lilikuwa na sehemu mbili, na mimi nilisoma moja. Wacha niseme hivyo mapema, maana nimechoka kuzungukazunguka.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Septemba, kanisani kwetu upande wa Kanyangi, Kitui. Afisa wa kilimo alikuwa amenitumia kwenye simu utabiri wa mvua za Oktoba hadi Desemba, akaniomba niwasomee watu baada ya ibada, kwa kuwa mimi ni mwalimu na sauti yangu hufika nyuma. Joto lilikuwa la kukaanga. Mabati yalilia juu yetu, na akina mama walijipepea kwa vitabu vya nyimbo. Nikasoma: mvua itaanza mapema kuliko kawaida, itakuja na radi, wakulima watayarishe mashamba. Kanisa zima likaitikia Amina. Mtu akapiga kigelegele. Pasta naye akaangalia saa yake.

Kule chini kulikuwa kumeandikwa kwamba baada ya mvua hiyo ya kwanza jua lingerudi kwa wiki kadhaa, kali kuliko tulivyozoea, kwa hivyo mtu asipande mbegu zake zote. Niliiona. Sitadanganya kwamba simu ilizima. Niliiona, nikajiambia, nani atasoma habari za jua baada ya Amina kama ile? Nikaweka simu mfukoni, nikaketi. Ai, mimi jamani. Mtu mzima na cheti chake cha ualimu.

Mama yangu alikuwa safu ya pili. Nyumbani alikuwa na kibuyu cha kunde kilichoning'inia jikoni juu ya meko, mahali moshi hufukuza wadudu. Kunde ndogo zenye madoa meusi, alizopewa na mama yake mzazi. Hakuna duka lililoziuza, na ziliiva upesi kabla mvua haijakata. Kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake, na mimi nilipewa la huyo mwenye kunde. Ndiyo maana mama huniita mwaitu, yaani mama yangu. Kila msimu alipanda nusu ya kibuyu kwenye vumbi kabla ya mvua, na nusu ikabaki pale juu, kwa sababu mvua ya kwanza ina tabia ya kudanganya. Hata mwaka ule tulipokuwa tukinywa uji mara moja kwa siku, ile nusu haikuguswa. Nilimlilia anipikie, akaniambia mbegu hailiwi.

Wiki iliyofuata nilimkuta shambani, jembe mkononi, kibuyu kando yake kikiwa kitupu. Nikamuuliza ile nusu nyingine iko wapi. Akanionyesha udongo kwa mguu. Hapo ndipo ningepaswa kusema. Mama alikuwa mbele yangu, hakukuwa na pasta wala saa, na kunde zilizo kwenye vumbi kavu zingefukuliwa hata kwa vidole. Nikasema tu ni sawa, Mungu ni mwema, nikaenda zangu.

Mvua ikaja kweli. Radi ilipiga siku tatu mfululizo, mito ya mchanga ikashuka na maji mekundu, mitaro ya shambani ikajaa. Kunde zikachipua vizuri mpaka watu wakawa wananisimamisha njiani kunishukuru. Nami nikapokea shukrani, bila haya.

Kisha ikakata. Siku kumi, kumi na tano, ishirini. Jua la Kitui tunalijua, tumezaliwa ndani yake, lakini hili lilikuwa lingine. Mbuzi waliacha kula mchana. Kila mwaka joto linaongezeka kidogo, na sisi tunaulizana tu kama ni macho yetu. Alfajiri mama alikuwa anaenda shambani na sufuria ya maji yaliyooshewa vyombo, ananyunyizia mche mmoja mmoja. Shamba zima, sufuria moja. Nilimtazama nikiwa mlangoni, nikalia. Kunde zote zilikauka zikiwa na majani manne.

Mwishoni mwa Novemba mvua ikarudi, nzuri, ya kutulia. Waliokuwa wamebakisha mbegu wakarudia kupanda. Mama aliketi kizingitini akitazama maji yakiingia kwenye shamba tupu, na siku hiyo hakula.

Nikavuka mto Athi nikaenda Makueni kwa mdogo wake, nikidhani mbegu za kunde zile huko hazikosi. Mama mdogo alifungua kila kopo na kila mfuko. Akasema zake zote zilitoka kwa mama yangu, na za mwisho zilikwisha misimu miwili iliyopita. Yeye siku hizi hununua za dukani. Akanipa mbaazi ili nisirudi mikono mitupu.

Nilimkabidhi mama zile mbaazi, kisha nikamweleza yote: ile sehemu ya chini, Amina, na siku ile shambani nilipofunga mdomo. Alikuwa amezimwaga kwenye ungo, anachambua.

"Mwaitu, mimi nilijua tangazo halijaisha," akasema. "Nilikuona ukishusha macho tena kwa simu, halafu ukanyamaza."

Nikamuuliza, sasa kama alijua, kwa nini alizipanda zote?

"Wewe umesimama mbele ya watu ukawaambia wapande. Halafu waingie jikoni kwangu wakute nimeficha nusu? Wangesema hata mama yake hamwamini."

Akaendelea kuchambua mbaazi. Nikaketi kando yake, nikachambua naye. Alitoa kila punje ya mama yake ili mimi nisiaibike, na mpaka leo hajawahi kuniambia kwamba nilikosea.