Riziki na Mwisho wa Filme ya Mupishi

Habari hii hakuna atakayeiamini. Hata walioiona kwa macho yao wameanza kuikana, na mwenye habari mwenyewe, Riziki wa Kalundja, akiulizwa anacheka tu na kusema wateja wanangoja. Basi kama hutaki kuamini, usiamini, lakini soma hivyo hivyo, maana aliyeandika amejichosha.

Aliyeandika ni Tonton Isidore, mjomba wa mtaa mzima, mtu aliyesoma mpaka shule yenyewe ikamchoka. Anaandika akiwa amekaa kwenye benchi la Riziki, akingoja simu yake ijae, na kama kawaida yake anajisomea kwa sauti kila anachoandika. Bila sauti, maneno yake hayakai sawa.

Riziki ana kibanda cha kuchajia simu mtaani Kalundja, karibu na mwalo wa Baraka wanapotua wavuvi. Juu ya mabati kuna paneli za jua, ndani kuna ubao mrefu na nyaya zilizosokotana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Kila simu inafungwa kipande cha karatoni chenye namba, lakini hizo namba ni za kuwatuliza wateja tu. Riziki mwenyewe anajua kila simu kwa pua. Ile inayonuka ndakala, wale dagaa wa ziwani, ni ya mvuvi wa Ubwari. Inayonuka moshi na maziwa imeshuka na mchungaji kutoka Minembwe. Yenye udongo mwekundu kati ya vitufe, hiyo ni ya mchimba dhahabu wa Lulimba, na usimuulize amepata ngapi, atakudanganya.

Nyingi ni simu za zamani, za vitufe na tochi. Vijana wa mjini wana simu za kupapasa, sawa, lakini simu ya kupapasa inazimika kabla ya chakula cha mchana. Hizi za vitufe zinaanguka ziwani, zinaanikwa juani pamoja na samaki, kesho yake zinaita. Na ndani zina michezo. Kuna nyoka anayekula na kurefuka mpaka anajigonga mwenyewe. Kuna mpira unaovunja matofali, kuna pikipiki ya kuruka milima. Riziki anaicheza yote, kwenye simu za watu, bila aibu hata kidogo.

“Mi napima kama chaji inaingia,” anasema ukimshika.

Siku moja mvuvi wa Ubwari alichukua simu yake, akafungua, akarudi mbio.

“Mama Riziki, nyoka yangu niliiacha fupi. Nani ameilisha?”

“Chaji ilikuwa mingi, baba. Imenenepa.”

Ndivyo alivyo Riziki. Mama wa watoto wakubwa, bwana yake anapeleka mtumbwi wa mota, yeye kazi yake ni kulisha nyoka za watu. Lakini jina lake halikutoka kwenye nyoka. Lilitoka kwenye sinema ya Rashidi.

Rashidi ana nyumba ya matofali mabichi, televisheni moja, jenereta moja yenye kikohozi, na rundo la CD. Katika CD zote hizo, iliyopendwa kuliko zote ilikuwa moja ambayo hakuna aliyejua jina lake, maana karatasi yake ilipotea na maandishi yake yalikuwa ya vijiti vijiti. Watu waliiita Mupishi. Mpishi wa mgahawa, kofia nyeupe kichwani, binti yake anatekwa na majambazi, naye anawafuata akiwa na mwiko tu mkononi. Anawapiga kwa mwiko sokoni, anawapiga juu ya paa, anawapiga ndani ya boti. Mwishoni anafika darajani, ananing'inia kwa mkono mmoja, na mkubwa wa majambazi, mnene mwenye miwani, anamkanyaga vidole. Hapo hapo picha inavunjika vipande vipande kama mihogo, na CD inagoma.

Mara ya kwanza ilipogoma, watu walisimama wote.

“Rashidi, tulilipa! Rudisha makuta yetu!”

“Nitoe wapi? Nimeshayanywesha jenereta!”

Mtu mmoja alikuwa tayari ameshika kiti, na hakukishika ili akikalie. Ndipo Riziki akapanda kwenye benchi.

“Mukae! Mi niliona hii filme Uvira. Yote, mpaka mwisho.”

Ni kweli aliwahi kwenda Uvira. Alikwenda kumuuguza shangazi yake, akalala chini ya kitanda cha hospitali, akarudi. Mlango wa sinema hakuuona hata kwa mbali. Lakini watu walikaa, na yeye akafungua mdomo, na mdomo ukaenda wenyewe. Binti alifungua kitenge chake, akakitupa, akamvuta baba yake. Yule wa miwani akarusha teke, akakosa, akaanguka. Akaangukia wapi? Chini ya daraja, kwenye jiko la majambazi wenyewe, ndani ya sufuria kubwa ya mchuzi iliyokuwa inachemka. Mpishi akashuka polepole, akafunika? Hapana. Akachukua mwiko wake, akakoroga.

Nyumba ilitaka kubomoka kwa vicheko. Rashidi alitaka kumbusu.

Tangu hapo, kila Mupishi akionyeshwa, picha ikivunjika watu hawagombani tena. Wanageuza shingo tu. “Mama Riziki, maliza!” Naye anamaliza. Kiti cha mbele ni chake, halipi. Watoto wa Kalundja wakicheza wanapigana kwa miiko ya mama zao, na wa mwisho lazima aangukie sufuria. Miaka ikapita, sufuria ikawa inakua. Mwanzo ilikuwa ya kutosha mtu mmoja, juzi juzi ilikuwa imefikia ukubwa wa boti. Vijana walijaribu kuitafuta filme hiyo kwenye simu za kupapasa, hawakuipata. Utatafuta nini bila jina?

Sasa ndipo anapokuja Néhémie.

Néhémie ni mchimbaji wa Lulimba, kifua mbele, kofia nyuma. Siku ya soko alishuka na pikipiki, akaja moja kwa moja kibandani, akaweka simu juu ya ubao. Simu kuukuu, udongo mwekundu mpaka kwenye kioo, baterie imekufa kabisa.

“Mama, uchajie mi hii. Nilinunua kwa muntu kule Lulimba. Unajua iko nini ndani?”

“Michanga.”

“Muchezo ya Mupishi. Ile filme yenyewe, mwiko, kofia, yote. Nimepiga majambazi bote, nimebakisha daraja tu. Leo jioni, pale kwa Rashidi, mbele ya batu bote, nitapita ile daraja. Ndo tutaona kama sufuria iko.”

Akacheka, akaenda zake sokoni kutangaza.

Riziki alibaki ameishika simu kama mtu aliyepewa kaa la moto. Aliona yote kwa mara moja: kiti cha mbele kimekaliwa na mwingine, watoto wanamwimba barabarani, na wateja wakiambiana kwamba kama alidanganya mwisho wa filme, pengine anadanganya hata chaji.

Jirani yake, Kulthumu, anayekaanga sambusa mlango wa pili na ambaye ni dada ya bwana yake, alikuwa amesikia kila neno. Kulthumu anasikia hata yasiyosemwa.

“Futa, wifi.”

“Nifute nini?”

“Hiyo muchezo. Ingia ndani, futa. Atasema nini? Utamwambia simu ya zamani inasahau, sawa na muzee.”

Riziki akaichomeka simu, ikawaka. Akaingia kwenye michezo. Ikatokea picha ndogo ya mpishi na kofia yake nyeupe, ndogo kama punje ya mchele, na chini yake kile kitufe cha kufutia. Kidole chake kikakaa juu ya kitufe.

Kikakaa.

“Wifi, unangoja nini? Sambusa zangu zinaungua sababu yako.”

“Kulthumu,” Riziki akasema polepole, “weye unajua alipona?”

“Nani?”

“Mupishi.”

“Si weye ndo ulituambia?”

Riziki aliitazama tena ile punje ya mchele. Miaka yote hiyo alikuwa amewapa watu wote mwisho, isipokuwa mtu mmoja. Usiku mwingine, bwana yake akikoroma, yeye alikuwa bado anaviona vile vidole vinakanyagwa darajani. Aliondoa kidole kwenye kitufe cha kufutia, akakipeleka kwenye kile cha kuanza.

“Napima kama chaji inaingia,” alisema.

“Uko kichaa,” alisema Kulthumu, akavuta stuli karibu ili aone vizuri.

Sokoni alipita mara moja. Juu ya paa aliteleza kidogo. Kwenye boti alimpiga kila jambazi hadi yule aliyekuwa amelala. Wateja walikuja kuchukua simu zao, akawaonyesha ubao kwa kidevu: jichukulieni. Kisha daraja likatokea, na yule wa miwani, mnene, anatembea kama mwenye nyumba. Riziki akabonyeza mwiko. Akabonyeza tena, akabonyeza kwa hasira. Mnene akamsukuma, mpishi akaanguka. Akaanza upya, akaanguka. Mara ya tatu aliinuka kwenye kiti kabisa akapiga kwa mkono hewani, kana kwamba simu ingemwona. Akaanguka.

“Ule mutu haumii,” Kulthumu alisema. “Ni kama anashiba.”

Ndipo kivuli kikaingia mlangoni. Néhémie, na nyuma yake Rashidi, na nyuma ya Rashidi nusu ya soko. Maana Néhémie alikuwa ametangaza vizuri mno, na watu hawakuwa na subira ya kungoja jioni.

“Eh! Mama Riziki! Unapima chaji?”

Watu wakacheka. Riziki akahisi masikio yanawaka, lakini hakuiachia simu.

“Lete, nipite daraja,” alisema Néhémie, mkono mbele.

“Ulishapita mara ngapi?”

“Bado. Lakini leo…”

“Unapigaga nini ukifika pale?”

“Mwiko! Mwiko mpaka kidole kinauma. Mwanaume wa Lulimba anaendaga mbele.”

Riziki akaitazama simu, kisha akamtazama Néhémie, kifua chake, kofia yake. Na hapo nyoka wote aliowalisha miaka yote wakamsaidia. Mwenye kumlisha nyoka anajua kwamba nyoka akishakuwa mrefu, nafasi ndiyo chakula chake. Hakimbilii tunda; anazunguka kwanza kando ya ukuta, anangoja mkia wake upite.

“Mi naenda nyuma,” alisema.

“Nyuma wapi?”

Akabonyeza kitufe cha kushoto. Mpishi akarudi hatua moja. Mnene akamfuata. Akarudi tena, mwiko chini, kama mtu aliyesahau chumvi nyumbani. Mnene akamfuata. Na kila mnene alipoweka mguu, ubao wa daraja ulipinda. Mpishi mwembamba alipita bila kelele. Yule mwenye miwani alipita na kila ubao ukalia. Rashidi alikuwa ameshika sambusa ya Kulthumu karibu na mdomo, na huko ilibaki.

Ubao ukavunjika. Mnene akapotea chini, miwani ikabaki juu kidogo, kisha nayo ikafuata.

“Ameanguka!” akapiga kelele Kulthumu.

“Ngoja!” akasema Néhémie. “Ameanguka wapi? Tuone sufuria!”

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa cheusi muda wa kutosha mtu kutubu. Kisha muziki mdogo ukaanza, ti-ri-ri, ti-ri-ri, na ikatokea picha ya mwisho: mpishi mzima, kofia kichwani, amesimama peke yake mbele ya sufuria kubwa inayotoa moshi, mwiko mkononi, anakoroga. Anakoroga, anakoroga. Pembeni maandishi ya vijiti vijiti. Basi.

Riziki alikuwa anamtazama yule mtu mdogo kama punje ya mchele, na midomo yake ilisema bila sauti: kumbe alipona.

Kulthumu akainama juu ya kioo.

“Ndani ya sufuria muko nani?”

Watu wote wakageuza shingo, vilevile kama kwa Rashidi. Riziki akanyanyua kichwa polepole. Mdomo ukafunguka, na mdomo ukaenda wenyewe.

“Munaniuliza mi? Si nilisemaga?”

“Na mutoto yake?” Néhémie hakukubali kufa hivi hivi. “Ile binti ya kitenge iko wapi? Mi simuoni!”

“Ameenda kuleta masahani. Ama kwenu Lulimba munakulaga mu mikono ya mupishi?”

Hapo sasa. Kicheko kilichotoka kwenye kile kibanda kilisikika mpaka mwaloni, mpaka katikati ya ziwa, mpaka ng'ambo Ubwari, ambako wavuvi walizima mota zao wakadhani ni ngurumo, na ndakala wenyewe wakaruka mitumbwini bila kuvuliwa. Paneli za jua zikapata chaji mara mbili. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba walipanda juu ya mabati, na Minembwe kule juu ng'ombe waliacha kula majani. Rashidi akalia. Na Néhémie, yule yule kifua mbele, alivua kofia yake, akapiga magoti kwenye mavumbi mbele ya Riziki, akashika miguu yake yote miwili, akasema kwa machozi, “Mama, tangu leo mi na bachimbaji bote ba Lulimba tutakuita…”

“Tonton Isidore! Nakusikia. Nani alipiga magoti?”

“Riziki, mwanangu, tulia, naandika, nimefika pale patamu…”

“Néhémie alikamata telefone yake akauliza, ‘Mama, sasa chaji imefika ngapi?’ Andika vile. Na weye, hukuwa hata hapa, ulikuwa kwa Kulthumu ukikula sambusa zilizoungua bila kulip…”