Shati la Milia la Mtu Asiyekuwepo

Saa moja asubuhi, ukungu wa mto Ohio bado haujainuka, na Verna Tackett tayari anapita katikati ya mioto akitazama migongo ya wanaume. Kila mgongo una milia ya bluu na nyeupe.

"Hebu inua mkono," anamwambia mwanamume anayepasua kuni. Anamshika kwapani bila haya, anakagua mshono, anamwachia. "Silo. Endelea."

"Bi Verna, watu watasema nini?" jamaa anamtania.

"Waache waseme, Hobart. Wewe una bahati, ndiyo maana unacheka."

Leo ni siku ya mavuno katika shamba la kumbukumbu la Pruitt's Landing, upande wa Kentucky, Marekani. Watu hukusanyika hapa kila vuli kuishi kama walivyoishi mababu zao karne ya kumi na tisa. Wanakamua mtama mtamu kwa kinu kinachozungushwa na farasi, wanachemsha maji yake mpaka yawe asali nyeusi, wanafua vyuma, wanalala kwenye majani makavu na kudai wamelala vizuri. Na wanavaa mashati ya kazi ya pamba yenye milia. Mengi kati ya hayo yameshonwa na Verna, mjane wa miaka sitini na moja, katika chumba cha nyuma cha nyumba yake.

Humshonea mteja wake kwa sindano ya mkono, na shati moja huuzwa dola tisini. Vipande vyote ni vya pembe nne, hakuna kitambaa kinachotupwa. Chini ya kwapa huingizwa kipande kidogo cha mraba ili mtu ainue shoka bila kuchana nguo. Mkia wa shati ni mrefu, huchomekwa ndani ya suruali na kufanya kazi ya chupi.

"Bibi zetu hawakuwa wajinga," anasema.

Jambo moja la ushonaji huo ndilo linalomnyima usingizi. Shati hili halifunguki mbele mpaka chini. Vifungo vyake vinaishia kifuani, kwa hiyo huvaliwa kwa kichwa na kuvuliwa kwa kichwa.

"Sasa likishika moto utalivuaje?" anauliza. "Utalipitisha usoni."

Yote yalianza mwaka jana, aliponunua jora la kitambaa cha milia kutoka duka lililokuwa linafungwa. Watu wanaofanya kazi karibu na moto wana desturi yao, na Verna anaijua kuliko jina lake: kila jora jipya huchomolewa uzi, uzi ukachomwa. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta, uzi wa plastiki, hujikunja, huyeyuka, hudondoka, na ikidondokea ngozi hainyanyuki tena.

Verna alichomoa uzi, akauchoma, ukaacha majivu laini. Akaridhika, akashona mashati tisa.

"Nilichomoa wa bluu," anasema. "Wa bluu tu. Ulikuwa pamba safi kabisa. Mweupe sikuugusa. Miaka yote hiyo ya kushona, halafu nafanya ujinga kama huo!"

Aliligundua kosa baada ya wiki kadhaa, alipopitisha pasi ya moto kwenye kipande kilichobaki. Milia myeupe ilijikunyata, pasi ikanata. Anasema alikaa sakafuni jikoni mpaka dada yake Opal akaja kumwinua.

Wawili hao waliyafuata mashati nyumba kwa nyumba, wakayarudisha manane. La tisa lilikuwa na Ezekiel Pardee.

Tatizo ni kwamba Ezekiel Pardee hayupo duniani. Katika mikusanyiko hii kila mtu hujipa jina la kale na maisha ya kale, na ni aibu kubwa kuuvunja mchezo mbele ya mtu usiyemjua. Mwanamume mwenye ndevu nyekundu alifika kwenye meza ya Verna, akasema yeye ni baharia wa mashua za mtoni, kazaliwa mwaka 1822. Verna, ambaye hapa huitwa Mjane Prudence, akampa pole ya safari, akapokea fedha taslimu, akamfungia shati. Wala hakuwaza kumuuliza jina lake halisi.

"Nilimpigia simu kila Pardee wa kaunti hizi," anasema. "Mmoja alinitukana. Mwingine alinisimulia habari za ng'ombe wake."

Tangu hapo hajashona shati. Anaishi kwa kufupisha mapazia na suruali za majirani. Akisikia king'ora cha gari la zimamoto, huacha sindano na kungoja kipite. Tangazo alibandika langoni, lakini jina la mtu wa kumtafuta hakuwa nalo. Na kwa kuwa ndevu hunyolewa na mashati huazimwa, leo anakagua kila mgongo. Woga wa namna hii haumwachi mtu ale akashiba.

Ukungu unapoinuka, wageni wenye tiketi wanaanza kuingia. Verna anafika kwenye tanuri la asali ya mtama. Sufuria refu la bati linatokota, ndimi za moto zinachungulia pembeni, na mwanamume ameliinamia, anaengua povu la kijani kwa mwiko mrefu. Mkono wa shati unaning'inia karibu kabisa na moto.

Ana ndevu nyekundu.

"Ezekiel!" Verna anapiga kelele. "Toka hapo!"

Mwanamume anageuka, anainua kofia. "Mjane Prudence! Mto umenirudisha salama, mama."

"Acha mchezo. Mimi naitwa Verna Tackett. Vua hilo shati."

Wageni wanacheka. Jamaa naye anaona amepewa nafasi ya kuwafurahisha. "Jamani, mnamsikia mjane huyu? Anataka kunivua nguo mchana kweupe!" Makofi yanapigwa. Anarudi nyuma kwa madaha, hatua moja zaidi kuelekea motoni, na Verna anamrukia, anamng'ang'ania ukosi kwa mikono miwili.

"Sichezi! Nisikilize, mwanangu, sichezi!"

Anauvuta mkia wa shati kutoka kwenye suruali, anachomoa uzi mweupe kwa meno, anaunyoosha kwenye moto. Uzi unajikunja, unatoa moshi mweusi, unabaki kitone kigumu juu ya ukucha wake. Anamwonyesha. Hapigi kelele tena.

Mwanamume anakitazama kile kitone. Kisha anautazama mkono wake wa kulia, ambapo ukingo wa shati una tundu dogo lenye midomo migumu.

"Cheche ya jana jioni," anasema polepole. "Nilidhani ni uchafu wa asali."

"Jina lako nani?"

"Curtis." Sauti ya baharia imekwisha. "Curtis Hollis. Naendesha basi la shule. Nina watoto wawili, wamesimama pale."

Shati linapita kichwani. Curtis anabaki kifua wazi katika baridi ya asubuhi, na hakuna anayecheka. Verna analitupa shati tanurini. Linadondosha matone yanayowaka, mgeni mmoja anawageuza wanawe wasitazame. Verna analitazama mpaka liishe, kisha anavua shali yake na kumfunika Curtis mabegani.

Jumatatu, anasema, atarudi kwenye chumba chake cha nyuma. Shati la kwanza litakuwa la dereva wa basi, bila malipo, na la pili halitauzwa kwa mtu asiyetoa jina alilopewa na mama yake na namba ya simu, mchezo uvunjike usivunjike.

Anatoa utepe wa kupimia mfukoni mwa aproni.

"Simama wima, Curtis."

"Siwezi, Bi Verna. Naomba nikae kwanza."

"Hata mimi siwezi," anasema. "Basi kaa. Tukae wote."