Nilivyomshika Farasi wa Karen Kama Mteja wa River Road

Wakuu, niaje.

Hii imenipata mimi mwenyewe, si rafiki ya binamu yangu. Nitaisema ilivyokuwa, hata pale inaponiaibisha, na inaniaibisha karibu kila mahali.

Kwa miaka sita nimekuwa mvuta wateja wa duka la printing pale River Road. Ukipita ukitafuta kadi za harusi, mimi ndiye yule anayekushika mkono wa shati na kukuuliza unaprint nini leo. Siachi mtu. Kuna mama alikuwa anaenda zake kununua misumari, akatoka kwetu na kalenda mia mbili za kanisa lao.

Lakini moyo wangu uko kwa farasi. Nilikulia Dagoretti, kwetu tulikuwa na punda wawili wa kubeba maji, na nilikuwa nawaona watu wa Karen, mtaa jirani wa matajiri, wakipita juu ya farasi wakitusalimia kwa kidevu. Nikasema siku moja.

Halafu nikaanza kutazama video. Wakuu, hizo video ni hatari. Ukimaliza kama arobaini hivi unajisikia mtaalamu. Na kwa kuwa mashine iko hapo hapo, nikajiprintia business cards, boksi nzima: Horse Trainer & Consultant. Picha ya farasi niliitoa kwenye internet. Baadaye nikaambiwa ni nyumbu.

Sasa, kuna mama mmoja ana zizi kubwa la farasi huko Karen. Wote wanamwita Madam. Akatangaza horsemanship clinic, yaani mafunzo ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Mwishoni angechagua mtu mmoja awe msaidizi wake wa kufunza farasi.

Niliitaka hiyo nafasi kuliko kitu chochote maishani. Ijumaa nikamwambia boss wangu Kamau nimeacha kazi. Nikamwachia na kadi.

Jumamosi nikafika na gambuti na shati langu la kanisa. Wenzangu walikuwa na helmet na buti za kung'aa. Mmoja alikuja na farasi wake, na huyo farasi alikuwa amevaa koti zuri kuliko langu.

Tulipoambiwa tujitambulishe, nikasimama, nikaobserve all protocols, nikagawa kadi. Nikangoja maombi ya kufungua. Hayakuja. Nikangoja chai ya saa nne. Ikaja, ya majani ya mnanaa, bila mandazi.

Nikauliza kuhusu certificate.

"Hatutoi certificate," Madam akasema.

Wakuu, training bila certificate si ni kutembea tu?

Somo lenyewe lilikuwa moja. Farasi hajifunzi unapovuta, anajifunza unapoachilia. Akikupa hata nusu hatua, legeza kamba papo hapo. Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari mara mbili, nikafunga daftari. Nadhani somo lilibaki humo ndani.

Jumapili ndiyo ilikuwa mtihani. Turubai la buluu lilitandikwa chini, na farasi mmoja wa kahawia anaitwa Biscuit alitakiwa kulivuka. Kila mtu dakika ishirini. Wawili walionitangulia walishindwa, nikafurahi, Mungu anisamehe.

Zamu yangu ikafika. Nikaikamata kamba, nikaanza.

"Boss, ingia tu, kuangalia ni bure."

Biscuit akanusa turubai. Nikavuta. Akarudi nyuma. Nikavuta zaidi.

Pembeni kwa ua alikuwa amesimama Nekesa, saisi wa pale, yaani yule anayewalisha na kuwasafisha farasi. Mama wa kutoka Bungoma, ndoo mkononi.

"Wewe, legeza kamba," akaniambia. "Ameshanusa, huoni?"

Nikajiambia, mimi Consultant nifundishwe na mtu wa ndoo?

"Niko sawa, mama."

Biscuit akarusha kichwa, akageuka, akaondoka. Mtu mwenye akili angeachilia. Mimi nina miaka sita ya kutoachilia. Alinivuta kwa tumbo uwanja mzima hadi kwenye rundo la samadi, na shati la kanisa likaishia hapo.

Nilirudi na Biscuit zikiwa zimebaki dakika tano. Nikiwa ng'ambo ya turubai namvuta, simu ikalia. Kamau. Nilijua nimeshaanguka mtihani, kwa hivyo nikalegeza kamba, nikampa Biscuit mgongo, nikapokea.

"Boss, ile maneno ya Ijumaa isahau kabisa. Nilikuwa na homa. Boss, please."

Nikiwa katikati ya kuomba, nikasikia makofi. Kugeuka, Biscuit yuko juu ya turubai kwa miguu yote minne, anatafuna kadi yangu iliyokuwa inachungulia kutoka mfuko wa nyuma wa suruali.

"Ulijuaje huo ndio wakati wa kuachilia?" Madam akauliza.

"Ni experience, Madam."

Akamgeukia Nekesa. "Wewe umeonaje?"

"Alikuwa kwa simu, Madam. Biscuit alitaka kupita tangu mwanzo. Huyu ndio alikuwa anamzuia."

Watu walicheka hadi buti zikapoteza kung'aa.

"Kwani wewe unaweza kumpitisha?" Madam akamuuliza.

Nekesa akachukua kamba kwa vidole viwili, ndoo bado mkononi. Wakavuka. Wakarudi. Wakavuka tena.

"Tunapita hapa na yeye kila asubuhi, Madam, nikienda kufunika nyasi na hii turubai. Ameizoea."

Miaka kumi na moja yuko pale, na Madam hakuwahi kumuuliza kitu zaidi ya kama farasi wamekula. Palepale Madam akampa Nekesa nafasi ya msaidizi.

Niliumia, siwadanganyi. Nilikwenda nyuma ya gari la mtu nikalia kidogo.

Kisha nikamfuata Nekesa hadi store. Nilitaka kumshika mkono wa sweta nimweleze kwa nini ananihitaji. Nikajizuia. Nikasimama mlangoni.

Alipanga ndoo zake zote kwanza.

"Unajua kushika reki?" akauliza.

Kamau alinirudisha kazini, na kila weekend niko Karen nakusanya samadi. Kamba bado sijaigusa.

Nilichojifunza: kuna watu nimewazuia kuingia kwa kuwavuta waingie. Siku hizi pale River Road nasalimia tu, narudi nyuma hatua moja. Wengine wanapita. Wengine wanageuka.

Kama nawe umewahi kushikilia kitu hadi kikakuburuta, tumwagie hapa chini. Wa utani wa nyumbu, mmechelewa, umeshaisha wote.

Juzi nilimwambia Nekesa nimprintie kadi za cheo chake kipya.

"Za nini?" akasema. "Farasi hawasomi."