Eldrid Ashika Mbele ya Kamba

Kwa miaka ishirini na mmoja, kila Aprili, Eldrid Kvamme aliivuka barafu kuu ya Jostedal kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, akiwa mtu wa mwisho kwenye kamba iliyowaunganisha wasafiri. Siku nyingine za mwaka alikuwa mpishi wa nyumba ya wazee kule bondeni. Wa mwisho ana kazi zake: huhesabu vichwa, hukagua mafundo, huokota glavu zilizoanguka. Njia haimhusu. Njia ilikuwa ya Sjur, kiongozi wa msafara, mwenye miaka sitini na mitatu, na Eldrid hakuwahi kuiomba, ingawa aliitamani kiasi cha kuiota.

Safari ya kwanza ya mwaka huo walikuwa na wageni sita wa kuwaongoza. Siku ya tatu wingu lilikaa juu ya barafu mchana kutwa, jepesi, jeupe kama maziwa. Sjur akavua miwani ya jua apate kuona vizuri. Watu wa bonde lile wanajua kwamba jua hupenya wingu la namna hiyo na kuunguza macho, na Sjur mwenyewe huwakemea wageni wanaovua miwani. Lakini yeye alitembea hivyo mpaka jioni.

Asubuhi ya nne hakuweza kufumbua macho. Alisema ni kama yamejaa mchanga. Eldrid akamfunga kitambaa kilicholowekwa katika chai baridi. Frøydis, mmoja wa wageni, daktari wa meno kutoka Bergen, akauliza kama helikopta ingeweza kuja. Eldrid alikwisha piga simu ya setelaiti: ndani ya wingu hairuki, na mchana ingenyesha mvua ya joto. Mvua hiyo ingelainisha madaraja ya theluji yaliyofunika nyufa za barafu, na nyufa za hapo zinaweza kumeza nyumba nzima. Ilibidi wawe wamezivuka kabla ya saa sita.

Wageni wote wakamgeukia Sjur. Yeye, kwa kuwa hakuwaona, aliendelea kunywa kahawa.

"Unangoja nini?" Sjur akamwuliza Eldrid. "Mimi nikae wapi?"

"Katikati."

"Katikati wanakaa madaktari wa meno."

"Leo na wewe, mzee. Tena ukimkanyagia mtu skii zake, utanisikia."

Frøydis ndiye aliyeanza kucheka.

Eldrid akafunga fundo la kwanza kiunoni. Mbele yake hapakuwa na mgongo wa mtu, weupe tu, juu na chini pasipo mpaka. Kifaa cha setelaiti kilionyesha upande wa kwenda, lakini hakikujua kingo za theluji ambazo upepo ulikuwa umezijenga jana. Kwa hiyo alirusha mbele ugwe wenye mafundo, akautazama kama umelala juu ya theluji, akausogelea, akaurusha tena. Waliteleza hivyo saa mbili na nusu, na kila ugwe ulipolala salama alihisi anakua.

Kisha akaurusha, nao haukulala. Ulining'inia ukingoni.

Akawaamuru wasimame. Sjur akauliza kuna nini, akaambiwa.

"Kulia au kushoto?" akauliza, na haikuwa sauti ya mtu anayempa mwenzake mtihani. Alitaka kujua.

Eldrid akafumba macho. Aliye mbele haoni kamba ikipinda. Aliye nyuma huiona yote. Akaikumbuka kamba ya miaka yote ile, mahali hapa, jinsi ilivyopinda kama mundu.

"Kushoto."

"Una hakika?"

"Nimekutazama mgongo miaka ishirini na mmoja, Sjur. Hapa wewe hukunja kushoto, halafu unawadanganya wageni kwamba unawatafutia mandhari nzuri."

Wageni wakaangua kicheko, Sjur hakukana. Wakakunja kushoto. Ugwe ukalala, ukalala tena. Madaraja wakayavuka mmoja mmoja, kamba imekazwa, na saa tano na dakika ishirini ufa wa mwisho ulikuwa nyuma yao.

Hapo wingu likapasuka, na bonde lote likafunguka chini yao, kijani, na mteremko mrefu usio na ufa hata mmoja. Wakafungua kamba. Wageni wakashuka wakipiga mbinja. Eldrid akamshikisha Sjur ncha za fimbo zake za skii, akatangulia, akimtajia kulia na kushoto.

"Ongeza mwendo," Sjur akasema.

"Huoni kitu, wewe."

"Ndiyo maana siogopi."

Akaongeza. Upepo ukamtoa machozi, theluji ikaruka hadi mabegani, na watu wawili wazima wakashuka wakicheka kama waliopagawa. Kisha Eldrid akasimama ghafla, Sjur akamgonga mgongoni.

"Mbona umesimama?"

"Theluji imeisha. Hapa ni majani."

Sjur akainama akayapapasa, akaketi juu yake.

"Wiki ijayo tuna wageni wanane," akasema. "Macho yatakuwa yamepona."

"Vizuri," Eldrid akajibu akivua skii. "Utaniona vizuri nikiwa mbele."