Kanisa Ndani ya Kanisa

Kanisa letu jipya tulilijenga likalizunguka la zamani, kama ganda linavyozunguka karanga. Mgeni aliyekuja kwa njia ya Murangi aliona kuta za matofali ya kuchoma, akaingia mlangoni, halafu akakutana na mlango mwingine, wa kanisa la udongo na nyasi, na sisi tumo humo tunaimba. Wengi walicheka. Na mimi nilicheka nao, maana nilikuwa msichana wa kucheka tu. Darasa la saba nimemaliza, kwenye kwaya naimba sauti ya kwanza, na kichwani nimeshaolewa mara nyingi ndani ya lile kanisa jipya, kila mara na gauni tofauti.

Hatukufanya vile kwa ujinga. Kijiji cha jirani walibomoa la kwao ili wajenge upya, wakaambiwa bati zipo Musoma, waombe kibali, wasubiri. Ilikuwa ile miaka ambayo mtu akipata kipande cha sabuni, mtaa mzima unajua. Wakasubiri wakisalia juani. Mvua ikaja. Mmoja akahamia kwa shemeji yake, mwingine akarudi kwenye matambiko ya babu yake, na msingi wa kanisa ukawa wa kuanikia mihogo. Basi wazee wetu wakasema kwetu haitapita Jumapili watu wasisali ndani ya nyumba. Jipya likishaezekwa ndipo la zamani livunjwe, litolewe kwa makarai kupitia mlangoni.

Fundi alitoka Bunda. Kiwanja kilikuwa kidogo, majabali upande huu, shamba la mtu upande ule, kwa hiyo upande wa ziwani ukuta mpya ukakaa karibu mno na ule wa zamani. Mtu mwembamba alipita hapo ubavu ubavu. Hakuna aliyewaza maji. Nyasi za paa kuukuu zilimwaga maji yote humo katikati, na yakishaingia hayakuwa na pa kutokea, maana ukuta mpya ulikuwa wa saruji tuliyoiombea kwa magoti, kila tofali limebanwa. Tulikuwa tumejenga pipa, na kanisa tumeliweka ndani ya pipa.

Mvua za kwanza, vyura wakahamia. Nikawaambia wenzangu wa kwaya kwamba sasa tumepata besi, tena hawachelewi mazoezi. Tukachekaga sana.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye niliyekuwa nakaa naye. Kila mwaka kabla ya Pasaka akina mama walisiriba kuta za kanisa kwa udongo na samadi, na kila nyumba ilikuwa na kipande chake, mwanamke alikipokea kwa mama mkwe wake. Kipande cha bibi kilikuwa upande huo wa ziwani, na chini ya kipande hicho ndipo lilipokuwa benchi lake. Mwaka ule mzee wa ujenzi alitangaza kwamba kusiriba hakuna, nyumba ni ya kuvunjwa. Akaongeza, "Nani anampakaga maiti mafuta?" Kanisa zima likacheka. Bibi hakucheka. Aliweka kiganja ukutani, akakinusa.

Bati hazikuja. Mzee wa ujenzi alikwenda Musoma na kurudi, akaambiwa aje tena mwezi unaofuata, akaenda tena. Huku ndani mambo yakawa yanabadilika kidogo kidogo. Benchi la bibi likainama kwa mguu mmoja. Msumari wa kutundikia taa ukatoka wenyewe, ukaanguka wakati wa sala, na aliyekuwa anasali akasahau alikuwa wapi. Chungu wadogo weusi walishuka ukutani kwa mstari, na mayai yao mdomoni, wakatoka kwa mlango kama watu wanaohama kijiji. Ngoma ikipigwa, ukuta ulikuwa unarudisha sauti nzito, iliyojaa, kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Mimi nikawa naimba jicho moja kwa mwalimu wa kwaya, jingine kwa bibi.

Bibi alimfuata mzee wa ujenzi baada ya ibada, akamwomba watoboe ukuta mpya chini, maji yatoke. Nilikuwa nimembebea kiti chake, nikasikia.

"Mama," mzee akasema kwa upole, "hujaona nilivyohangaika na saruji hii? Nyumba ya Bwana haijaezekwa bado, tuanze kuitoboa?"

"Maji yanataka njia, baba."

"Bati zikija, maji yatakwisha."

"Na zisipokuja?"

Mzee akasema tuombe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaupenda ule ukuta kama mtu anavyopenda ndama aliyezaliwa mwaka wa njaa.

Kuanzia hapo bibi akawa wa kwanza kufika kila Jumapili. Anatandika kanga yake benchi lote, mwanzo mpaka mwisho, anakaa katikati, na hampi mtu nafasi. Watu wakaanza kumsema. Wakamwita mwenye kanisa. Mama mmoja alimwambia mbele yangu kwamba hata mbinguni atakwenda na benchi. Mimi niliumia, nikamwambia bibi kama anauogopa ukuta basi ahame, kuna nafasi upande wa majabali.

"Nikihama, nani atakaa hapa?" akaniuliza.

Nilijua. Benchi likiwa wazi, watoto wa shule ya Jumapili ndio walikuwa wanalikimbilia.

Nililia siku hiyo nikichambua dagaa, na bibi akanicheka kwamba nawatia chumvi kabla ya wakati.

Mvua kubwa ikaja wiki ambayo tulikuwa tunangoja wageni, kwaya ya watoto kutoka Butiama. Ikanyesha siku nyingi. Jumapili jua likatoka kali, wageni wakafika wameng'aa, soksi nyeupe mpaka magotini, na kanisa likajaa hadi mlangoni. Mzee wa ujenzi alikuwa anawapanga watu. Akafika kwa bibi, akamwomba asogee, watoto wakae. Bibi akakataa. Akamwomba tena, sasa kwa sauti ya kusikika. Watu wakaguna. Mzee akaishika kanga ili aikunje mwenyewe.

Bibi akasimama. Kwa mila yetu mwanamke wa umri wake hamjibu mzee wa kanisa mbele ya wageni.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Anza na wako. Mlete mwanao umkalishe hapa, halafu hawa wa watu watafuata."

Mtoto wa mwisho wa mzee alikuwa pale pale, amemshika suruali. Mzee akamtazama mtoto, akautazama ukuta. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikuwa anautazama wa zamani, siyo mpya. Akaweka mkono. Vidole vikazama mpaka kwenye kiungo cha kwanza, kama kwenye ugali.

Hakupiga kelele. Alimnyanyua mtoto wake, akasema wageni watangulie nje, watoto kwanza, taratibu, na ngoma isipigwe. Tukatoka. Tukasali kwenye majabali, jua kichwani, na wapo walionung'unika kwamba bibi kizee amewatoa watu kanisani, na ukuta wenyewe umesimama.

Ulisimama mpaka Jumanne mchana. Hapakuwa na upepo. Tulisikia kama gunia la pamba linashushwa, basi. Tulipofika, ukuta ulikuwa umelala ndani, juu ya mabenchi, na paa limeufuata.

Mzee alikuja na sururu yake mwenyewe. Akautoboa ukuta mpya chini, upande wa ziwani, hakumwambia mtu ashike. Maji yakatoka meusi, yakatoka muda mrefu, na vyura ndani yake, watoto wakawa wanawakimbiza. Fundi wa Bunda alikuwepo, akasema matofali ya kuchoma hayana shida, yatakauka.

Bibi alipita juu ya kifusi mpaka kwenye ukuta mpya. Akaweka kiganja chini kabisa, akakipandisha polepole, tofali kwa tofali, akitafuta pale ubichi unapokoma. Akapandisha mpaka begani, mpaka kichwani, akasimama kwa vidole vya miguu. Mkono ukafika mwisho, ubichi bado.

Nikamuuliza vipi. Akaniambia nirefuke nijaribu mimi.