Mchanga wa Korongo la Dani

Sauti ya kwanza ya asubuhi nyumbani kwetu Rongo, mwaka niliotimiza miaka kumi, haikuwa ya jogoo. Ilikuwa ya baba akisoma kona huku akinyoa ndevu. "Kulia nne, mita themanini, kushoto sita, usiachie." Povu lilimkaukia shavuni naye hana habari. Baba alikuwa msoma njia katika mashindano ya magari, yule anayeketi kando ya dereva na daftari mapajani, akimtajia kona kabla haijaonekana. Moja ni kona iliyokunjika kama kiwiko, sita ni karibu barabara iliyonyooka, na "usiachie" maana yake mguu usitoke kwenye mafuta. Mimi nilishika daftari nikimsikiliza kama katekista anavyosikiliza watoto wa komunyo, na akikosea neno moja nilimrudisha mwanzo. Jedwali la saba lilinishinda shuleni, lakini kona za baba nilizijua zote.

Yalikuwa mashindano ya kimataifa, ila ya daraja la pili. Magari yenyewe yalifanana na yale ya walimu wakuu, tofauti ni namba ubavuni na makelele. Dereva aliitwa Jasbir, Mhindi wa Kisumu aliyezungumza Dholuo kunishinda mimi niliyelelewa mjini. Msimu ule walikwenda Uganda, Rwanda na Zambia, na kila mara mama na mimi tulibaki na redio. Redio ilitangaza mpira wa Ulaya hadi mchezaji wa mwisho mwenye goti bovu, ikatangaza bei ya mahindi, kisha, tukiwa na bahati, sentensi moja kuhusu magari. Tuliisubiri sentensi hiyo tumeinama, hatuthubutu hata kukohoa. Walishinda mara mbili, wakaongoza kwa pointi chache, ikabaki raundi moja. Mdhamini wao aliahidi kwamba wakitwaa ubingwa atawapandisha wote wawili daraja la kwanza. Baba alikuwa na miaka arobaini na moja. Alijua nafasi ile haitarudi, na sisi tulijua kwamba anajua.

Raundi ya mwisho ililetwa kwetu. Njia mojawapo ilitoka Macalder ikapita mbele ya boma la Dani, yaani bibi yangu mzaa baba, na hatua chache kabla ya lango lake ilikatwa na korongo kavu. Siku mbili kabla ya mashindano, magari yaliporuhusiwa kupita polepole ili wasoma njia waandike, baba alisimama pale, nami nikiwa nimekuja kwa Dani, akanishika mkono. Kwa macho lilikuwa shimo la kuvunja gari. Lakini baba alikuwa ameoga pale utoto wake wote wakati wa mvua, akajua kwamba chini ni mwamba mmoja mpana, unaoteremka na kupanda taratibu. "Wenzetu wataogopa, watapunguza," akaniambia. "Sisi hapa ndipo tutachukua ubingwa. Andika." Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: kushoto tano, korongo, mwamba, usiachie. Sijapata tena kuaminiwa namna ile na mtu yeyote.

Sasa, kwetu mgeni mkubwa hapokelewi na barabara mbovu. Askofu akija kutoa kipaimara, wanawake wa jumuiya hutoka na majembe na karai, wakaziba mashimo na kufagia njia hadi mlango wa kanisa. Hakuna anayewalipa, hakuna anayewaamuru. Dani ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Alasiri ya kuamkia mashindano, baba akiwa kambini na Jasbir, nilimkuta korongoni na wenzake wote, wanaimba, wanamwaga mchanga wa kijivu kutoka kwenye mashimo ya wachimbaji, ule unaobaki dhahabu ikishaoshwa. Ni mchanga laini kama unga. Korongo lilikuwa limejaa, limesawazishwa kwa fagio, na ungedhani halikuwahi kuwepo.

"Dani, baba ameandika kuna mwamba hapo," nikamwambia.

"Nyathi, wewe mtoto, si hiyo mwamba ndio tunafunika? Mtoto yangu apite hapa mbele ya watu ya nchi zote, akiruka kwa shimo kama mbuzi?"

"Lakini ameandika wasipunguze. Watakuja na mbio sana."

"Wakuje nayo. Barabara iko safi." Akanitwika karai. "Beba, ukuje uambie baba yako ulisaidia."

Nikabeba. Nilijua, nikabeba. Simu ya Dani ilikuwa sokoni inachajiwa, na namba ya baba niliyoikariri haikuwa na mahali pa kuipiga. Asubuhi nilimfuata msimamizi mmoja aliyevaa koti la rangi ya chungwa, nikamwambia pale pana mchanga na daftari linasema mwamba. "Mtoto, rudi nyuma ya kamba," akasema, naye hakuwa mtu mbaya. Gari la kukagua njia lilipita kwa mwendo wa wastani, mchanga ukalistahimili, msimamizi akaniangalia kama anayesema, unaona? Baba na Jasbir ndio walioongoza msimu, kwa hiyo wao ndio walioanza mbele, na hapakuwa na gari lingine la kuwafunulia siri. Niliwasikia tangu mbali. Niliisoma mistari ile kwa midomo, nikafika kwenye ule wangu, na injini haikupungua hata kidogo.

Pua ya gari ilizama, gurudumu la mbele likang'oka, gari likabingirika hadi kwenye ua wa mkonge. Vigelegele vya wanawake vilikatika katikati. Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la wakuu, na guu lililovunjika lilikuwa la baba. Jasbir alitoka mzima, akaketi chini na helmeti yake mikononi, akilia bila kujificha.

Hospitalini, wenye mashindano walikuja kuuliza. Kufikia wakati huo magari ya nyuma yalikuwa yameuvuruga mchanga wote, na hakuna aliyejua ni wa jana au wa miaka. Dani alikuwa amesimama dirishani, leso mdomoni. Baba alimtazama, akanitazama na mimi miguuni pa kitanda, kisha akasema, "Niliandika vibaya. Niliandika mwamba mahali pa mchanga." Nilitaka kusema. Lakini ukweli wangu ungemwangukia Dani, na uongo wa baba ulikuwa unamwangukia baba, nami nilikuwa na miaka kumi tu, nikanyamaza. Msimu uliofuata Jasbir alipata msoma njia mwingine. Hakuna tena aliyemwita baba, kwa maana msoma njia asiyejua barabara ya kwao atajua ipi? Na Dani, Askofu alipokuja mwaka ule, hakutoka na jembe.

Siku hizi barabara ile ina lami, na korongo limewekewa kalvati. Dani amelala bomani kwake, nami kila Desemba humchukua baba, na fimbo yake, kwa gari langu kutoka kwangu Homa Bay hadi kaburini. Simu yangu ina sauti ya mwanamke anayetuelekeza, na baba hubishana naye, akimtajia kona kwa namba zake za zamani. Tukikaribia boma huwa ananyamaza. Mstari ule huuruka. Mwaka jana nilijikaza, nikamwambia, "Baba, uliandika vizuri siku ile. Mimi ndiye nilibeba mchanga."

"Najua," akasema. "Mchanga ulikuwa bado kwa nywele zako pale hospitalini. Angalia barabara, Akinyi."

Mbele yetu, pale penye kalvati, lami ilikuwa nyeupe kwa jua, imenyooka, haina hata kokoto. Mguu wangu ulikuwa umeshaachia mafuta.